Mwandishi wa Mapazia na Mteja Namba 4417

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu, mdogo wa marehemu anawasomea maisha ya kaka yake kwa niaba ya familia, maisha yaliyoandikwa jana kwenye meza ya mjane na kupitiwa naye mara mbili, mara ya pili leo asubuhi alipoongeza machache, kwa kuwa yako mambo yanayonong'onwa pembeni tangu Jumatatu na mjane ametaka yasemwe mbele za watu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta ambako baba yake alikuwa karani wa vifurushi, ingawa cheti chake kinasema 6 Septemba, kwa sababu aliyekijaza aligeuza tarakimu, na marehemu alipokwenda kuomba marekebisho aliambiwa kwa upole kwamba ingekuwa rahisi zaidi yeye kuizoea hiyo nyingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, na sekondari kuanzia 1981 hadi 1984, akafaulu lugha kwa alama za juu na hesabu kwa huruma ya msahihishaji.

Tarehe 1 Machi 1987 aliajiriwa gazetini kusahihisha makosa ya wenzake, kazi aliyoifanya kwa furaha isiyofichika hadi gazeti lilipofungwa, na tarehe 4 Mei 2009 akajiunga na kampuni inayouza mapazia kwa njia ya mtandao, akipewa chumba kidogo cha ghorofa ya pili, kompyuta moja, na jukumu la kuandika makala za kuwavuta wateja kwenye tovuti. Ofisini walimwita Mzee Aya, kwa sababu hakuna aya iliyozidi mistari minne iliyotoka salama mikononi mwake. Aliwafundisha vijana wa mauzo kwamba hakuna msomaji aliyewahi kuamka na hamu ya kusoma sifa za kampuni, kwamba kichwa cha makala kisiahidi kisichokuwemo ndani, kwamba mwishoni mwombe msomaji jambo moja tu, na juu ya yote, kwamba anayewaandikia watu wote hasomwi na mtu, hivyo chagua msomaji mmoja, mjue kama unavyomjua jirani, kisha mwandikie yeye.

Wa kwake alimbuni tarehe 3 Februari 2012, kwenye karatasi aliyoibandika ukutani, mwanamke wa miaka arobaini na moja, anayeishi peke yake, mwenye chumba cha chini na dirisha moja. Karani wa kumbukumbu, mtu aliyeumwa roho kuona karatasi isiyo na jalada, alimwandikisha kuwa mteja namba 4417, na kwa kuwa utaratibu haukuruhusu sehemu ya anwani kubaki tupu, akajaza "itaarifiwa", na pazia la sampuli likatumwa huko. Vifurushi vyote visivyo na mpokeaji hurudi na mhuri mwekundu. Hicho hakikurudi.

Tarehe 21 Februari, chini ya makala yake mpya, ulitokea ujumbe wa mteja huyo, akishukuru kwa pazia na kuuliza dirisha lake linatazama wapi. Marehemu aliamini ni mzaha wa karani, akacheka, na katika makala iliyofuata akaeleza namna ya kuchagua pazia la dirisha linalotazama kibanda cha fundi cherehani, na kesho yake mteja akaandika kwamba sasa anaisikia cherehani. Karani aliapa kwamba si yeye, akastaafu mwaka 2016, na ujumbe ukaendelea kuja. Mkaguzi alipoagiza mteja huyo afutwe, ilionekana kwamba fomu ya kumfuta mteja inahitaji saini ya mteja, fomu ikatumwa "itaarifiwa", na ikarudi imesainiwa kwenye nafasi ya "Sikubali".

Marehemu alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994 na mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye mjane tuliye naye hapa, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1996 na mwana aliyezaliwa mwaka 1999.

Alianza kuugua moyo mwezi Novemba mwaka jana, akalazwa mara tatu, mara ya mwisho tarehe 29 Aprili, akiendelea kumtajia binti yake maneno ya makala ili ayaandike, na alifariki Jumatatu tarehe 8 Mei 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa nne na dakika kumi na moja, kabla hata daktari hajatoka nje ya pazia la kitanda, chini ya makala ya mwisho ulikuwepo ujumbe wa mteja: "Mbona cherehani imenyamaza?"

Dada wa marehemu, aliyefungua kompyuta hiyo kutafuta picha ya msiba, alikuta ujumbe mia mbili na kumi na mbili, akamwambia mjane, "Wifi, mwanamke haandiki miaka kumi na moja kwa ajili ya pazia," na maneno hayo mmeshayasikia huko nje. Mjane hakugombana na mtu. Alisoma ujumbe wote siku mbili mfululizo, kisha juzi mchana akamwandikia mteja swali moja, kama amewahi kuonana na mume wake. Jibu lilifika leo asubuhi, na ameagiza lisomwe lilivyo: "Sijawahi kumwona mtu yeyote. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia niko wapi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotuazima viti na mioyo yao, na uongozi wa kampuni, ambao umeahidi rambirambi mara tu cheti cha kifo kitakapolingana na cheti cha kuzaliwa.

Historia hii inawekwa kwenye tovuti wakati huu huu inaposomwa, na aya moja imeandikwa kwa mkono wa mjane: "Dada yangu, chumba chako kina mlango, uko kulia kwa dirisha, haujafungwa. Ukitoka ni mchana, kuna watu wengi, na kiti chako kiko kushoto kwangu. Njoo tumlilie pamoja." Mliosimama huko nyuma mnaombwa msikikalie kiti hicho, hata kama mnaona hakina mtu.

Kaka, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani.