Mimi na Wewe Tu, Mama

Hili lisitoke hapa. Weka mkono kifuani uape kwanza. Umeapa? Basi sogea karibu, maana walioapa kabla yako walifika sokoni nalo hata sijamaliza kulisimulia. Nje ya karakana ya kushona sare kuna benchi lililopinda mgongo kwa kubeba umbea, na nyuma yake kibanda cha mabati cha Bi Birika, muuza kahawa. Mchana wa mapumziko Mama Pasi, mpiga pasi wa karakana, alifika pale amefura, salamu hakutoa. Juzi meneja alikuwa amemwita kwenye kile anachokiita kikao cha wawili. Mlango ukafungwa, simu ikazimwa, na meneja akamwambia, "Hapa ni mimi na wewe tu, mama." Naye akafungua moyo: mkono wa kulia umeanza kutetemeka, anaomba apumzishwe pasi, awekwe kwenye kukunja nguo mpaka upone. Leo asubuhi kakuta watu wawili wanagombea meza yake, kama warithi ambao marehemu wao bado anakunywa chai.

— Nani kati yenu kautangaza mkono wangu?

Antena, mkata vitambaa, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, akapuliza kahawa yake.

— Mama, usitutazame sisi. Kuta zina masikio. Wahenga walisema, asiye na mwana aeleke jiwe.

— Jiwe limeingiaje hapa?

— Kwani ukuta umejengwa kwa nini?

Jaji, fundi wa vifungo, aliyepewa jina hilo kwa kuhukumu kesi zisizomhusu, akatikisa kichwa.

— Siyo ukuta. Ni kile kiti cha mgeni. Ukikaa tu kinalia. Kiti kizima cha mbao kinamlilia nani? Kimetegwa kitu.

— Kinalia kwa uzito wako, Jaji.

— Basi ni feni! — Antena akasimama kabisa. — Inanyonya maneno chumbani, inayatema dirishani. Mnadhani inazungukia nini siku nzima?

— Mimi nayashuku maji ya mle ofisini, — Bi Birika akadakia huku akimimina. — Ukinywa funda moja, siri zinatoka zenyewe. Ndiyo maana nawaambia mnywe kahawa yangu.

— Mwacha mila ni mtumwa! — Jaji akaunga mkono, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mama Pasi akalipiga benchi kofi, vikombe vikaruka.

— Nyamazeni! Nimesimama pale tangu pasi za mkaa. Mwanangu anasoma kwa mvuke ule! Leo mtoto wa juzi ananiuliza, "Mama, ukiondoka, ile pasi nzuri unamwachia nani?" Niliingia mle na shida moja, nimetoka na mbili, nanyi mnanipigia ngano za feni!

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dereva mpya wa gari la mizigo, siku yake ya kwanza. Akakohoa kidogo.

— Samahanini, mimi mgeni. Hivi kwenye hicho kikao, meneja huwauliza nini?

— Huuliza… — Antena akajikuna shingo. — Mimi aliniuliza kuhusu Jaji. Kama ni kweli anatafuta kazi kwingine.

— Nini? — Jaji akaruka. — Hilo nilimwambia yeye peke yake!

— Na wewe, kaka, alikuuliza nini? — dereva akamgeukia Jaji.

Jaji akavitazama viatu vyake.

— Mkono wa Mama Pasi umeanza lini.

— Sawa. Na habari zako wewe mwenyewe, alikuuliza nini?

Jaji akamtazama Antena, Antena akamtazama Jaji. Hata Bi Birika aliacha kumimina.

Hapo ndipo meneja alipotokea getini, shati jeupe, tabasamu la kukopesha.

— Dereva! Njoo tuzungumze kidogo, mimi na wewe.

Akamshika bega, akampeleka nyuma ya kibanda, kana kwamba mabati yale ni ukuta wa benki. Mabati yenyewe ni membamba kama ganda la kitunguu. Benchi zima likaacha kupumua.

— Hapa ni mimi na wewe tu, — sauti ikasikika. — Umekaa nao pale. Mama Pasi anasemaje? Usimwambie mtu, lakini mkono wake umekwisha. Jaji anataka kutoroka. Na Antena analala stoo, mkewe kamfukuza.

Kahawa ikampalia Antena.

Mama Pasi akachukua kikombe kilichojaa, na kisahani chake, akazunguka kibanda, na benchi zima nyuma yake. Meneja akageuka, kidole bado kiko mdomoni kumwonyesha dereva anyamaze.

— Mama! Nilikuwa tu…

— Shika kahawa, bwana meneja.

Akashika.

— Sikukupa siri yangu uifanye chambo cha kuvulia siri za wenzangu. Nilikwambia ili unisaidie! Ulisema ni mimi na wewe tu. Kumbe wewe ni watu wangapi?

Kikombe mkononi mwa meneja kikaanza kugonga kisahani, ka, ka, ka, kahawa ikammwagikia kwenye shati jeupe.

Mama Pasi akautazama mkono ule taratibu, kama anayekagua kola.

— Pole, baba, — akasema, kwa sauti iliyofika mpaka getini. — Na wako umeanza lini?