Daraja la Kaoze Limekamilika

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliong'olewa kwenye bodi ya lori bovu, ukalazwa juu ya ringi mbili nyuma ya stendi ya Sumbawanga, pale harufu ya kahawa ya Mzee Suleimani inapokutana na harufu ya dizeli. Ubao ni mali ya Yunusu, mwenye lori moja zima, la bluu, na jingine la kung'olewa vipuri, na kwa kuwa difu ya hilo zima, yaani gia za ekseli ya nyuma, haimalizi mwezi bila kulia, watu humwita Difu. Kushoto hukaa Isdori, fundi cherehani, aliyeingia upinzani siku ile ile vyama vingi viliporuhusiwa. Huyo ni Waziri Kivuli. Katikati, mahali ambapo hakuna mwingine anayethubutu kukaa hata pakiwa wazi, hukaa Mwalimu Zenon, mstaafu, anayekumbuka kauli ya kila mbunge tangu uhuru, na tarehe juu yake. Huyo walishambatiza Hansadi, kama kumbukumbu za Bunge. Jumamosi hiyo ya Desemba, mwaka ambao mvua za Elinino zilitusombea madaraja na heshima, Hansadi alifika na bahasha ya kaki kwapani, amevaa koti alilofungia ndoa, na kwa alivyotembea ungedhani Bunge zima linamfuata nyuma.

— Shikamoo Mwalimu! Nani kafa? — akauliza Isdori, akilitazama koti.

— Marahaba. Hajafa mtu. Suleimani, nipe kahawa ya mtu mzima. Leo mtasikia kitu.

Kitu chenyewe kilikuwa salamu za Mheshimiwa za kufunga mwaka. Mheshimiwa, mbunge wao, alikuwa mtu wa kale kwelikweli: anapenda jembe, ibada na watoto wanaoamkia, hapendi suruali za kubana wala vibanda vya video. Wiki moja nyuma alimtumia Zenon karatasi yenye hoja kumi na moja, akamwomba aziandike vizuri, kwani kesho Jumapili angezisoma uwanjani mbele ya watu wote. Zikipendeza, Zenon atakuwa katibu wa ofisi ya jimbo. Atapata chumba, meza, na mashine ya taipu yenye herufi zote. Tangu astaafu hakuna aliyewahi kumwita Zenon ofisini kwa lolote ila kumkumbusha kodi ya kichwa, na ukatibu huo aliutaka mpaka usingizi ukapungua. Ndiyo maana aliamua kuzipima salamu zake kijiweni kwanza. Kinachopita kwa Waziri Kivuli, alijiambia, kitapita popote.

Akasimama, akakohoa, akasoma:

— “Ndugu wananchi, mwaka tunaoufunga taifa letu limepiga hatua. Foleni ya sabuni imebaki hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Maduka yamejaa, redio zimeongezeka, mkulima anauza mahindi yake kwa amtakaye. Lakini nawaonya: soko huria lisiwe tabia huria!”

— Hapo pazuri, — akasema Yunusu. — Hapo hata mimi nitapiga makofi.

— Hapo anawasema vijana wa video, — Isdori akadakia. — Anataka saa moja jioni wote walale na kuku.

— Mwenye kovu usidhani kapoa, — akasema Mzee Suleimani, akimimina.

— Kovu gani sasa, mzee?

— Kovu lolote.

Suleimani alikuwa na methali nyingi kuliko vikombe, na kama vikombe vyake, alimpa kila mtu iliyokuwa karibu na mkono.

Zenon akaendelea kwa sauti ya darasani: — “Mbolea ya dukani imepanda bei. Tusilie. Turudi kwenye matuta ya babu zetu, tufukie majani yaoze, ardhi ishibe. Ufipa ililisha watu kabla mfuko wa mbolea haujazaliwa.”

— Ruzuku imeondolewa na serikali yake mwenyewe, halafu anatushauri tufukie majani! — Isdori alirusha mkono, kahawa ikamwagika. — Andika na hilo, Hansadi.

— Bibi yako alilima kwa njia gani, Waziri?

— Kwa matuta.

— Ulikufa njaa?

Isdori akanywa kahawa iliyobaki. Zenon akahisi raha inampanda mpaka kwenye masikio. Hoja inapita.

— “Vipaumbele vya nyumbani,” — akasoma. — “Kwanza, barabara ya lami kutoka Tunduma iko njiani.”

— Iko njiani kutokea wapi? — Isdori alifufuka. — Mwaka jana ilikuwa njiani, mwaka juzi njiani. Hiyo lami inatembea kwa magoti?

— We hujui, — Yunusu akamkata. — Lami inakuja kwa meli, inateremshwa Kasanga. Imechelewa kwa sababu ziwani ni baridi, imegandia kwenye mapipa. Mimi mtu wa magari, naambiwa.

— Nani kakwambia?

— Watu wa lami.

— Haba na haba hujaza kibaba, — akasema Suleimani. — Ndivyo yalivyokuja haya mashimo.

Wakacheka wote, Zenon naye. Alikuwa amefika kwenye ukurasa alioupenda kuliko yote, ule wa hoja ya saba. Kwenye karatasi ya Mheshimiwa palikuwa na maneno matatu tu: “Daraja Kaoze, tayari.” Maneno matatu! Zenon aliyapa nyama, akayavika nguo, usiku kucha.

— Sikilizeni hapa. “Elinino ililichukua daraja letu la miti, lakini haikuchukua mioyo yetu. Leo nasimama mbele yenu nikisema: daraja la Kaoze limekamilika! Mpunga wa bondeni unapanda mjini ukiwa mkavu, na mama wa Kaoze anavuka bila kukunja kanga.”

Yunusu akavua kofia.

— Mwalimu, hapo umetisha. Hapo watu watalia.

— Lakini limekamilika kweli? — akauliza Isdori.

— Limekamilika. Mheshimiwa kaandika kwa mkono wake.

— Acha ubishi, Waziri, — akasema Yunusu. — Dereva wangu Steven anashuka bondeni Kaoze kila wiki. Juzi kaenda tena.

— Alikwambia amepita darajani?

— Aliniambia amebeba abiria wa Kaoze. Sasa angewabebaje bila daraja? Tumia akili.

Isdori akajikuna kidevu. Kubisha hakuwezi, na kukubali hakujui, kwa hiyo akatafuta njia yake.

— Basi limejengwa. Sikatai. Ila nasikia limeshabinafsishwa. Kila kitu sasa hivi kinauzwa: kiwanda, benki, hoteli. Daraja jipya wataliacha? Mkilitafuta mwezi wa tatu mtakuta Kaburu kaweka geti.

— Kaburu atafuata nini Kaoze?

— Samaki wa Ziwa Rukwa. Hawa watu wana mipango ya miaka hamsini.

— Nyote hamjui, — akasema Suleimani, na wote wakageuka, maana mzee huyu akianza kwa “hamjui” huwa mbali. — Lile ni daraja la kukunja. La kijeshi. Kiangazi linakunjuliwa, masika linakunjwa na kuwekwa ndani lisilowe.

— Yaani maji yakija daraja linaondolewa?

— Chuma kinashika kutu, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana wakanunua la kukunja.

Hata Isdori alikubali kwamba hiyo ilikuwa na mantiki yake. Zenon alikunja karatasi taratibu. Mmoja kasema linapitika, wa pili limeuzwa, wa tatu limekunjwa; watu watatu wasiokubaliana hata siku ya wiki wamekubaliana kwamba daraja lipo. Angetaka ushahidi gani tena? Aliiona mashine ya taipu juu ya meza, alijiona akipuliza vumbi kwenye herufi.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka upande wa stendi, kiroba kichwani, amejifunga kanga iliyokakamaa kwa tope. Alikitua kiroba, akachuchumaa, akapiga makofi laini mawili kama wanavyoamkiana Wafipa, akasema kwa Kiswahili cha taratibu:

— Shikamooni baba zangu. Mimi Dominika. Naomba kipande cha huu ubao nianike mpunga wangu. Mwenye mashine amekataa kuukoboa, anasema umelowa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — akasema Suleimani, akasogeza birika.

Ilikuwa methali ya kwanza siku hiyo kukaa mahali pake, lakini hakuna aliyejua hivyo wakati ule.

— Marahaba, mama, karibu, — akasema Zenon kwa ukarimu wa katibu. — Mpunga wa wapi huu?

— Wa Kaoze.

— Kaoze! — Zenon alisimama. — Umekuja na bahati yako. Kaa hapa usikie unavyosemwa.

Na akamsomea. Akaisoma hoja ya saba yote, na nyama yake na nguo zake, akanyanyua mkono pale kwenye “limekamilika” na kuushusha pale kwenye “kanga”. Dominika alisikiliza mdomo wazi. Zenon alipomaliza, uso wa yule mama ulikuwa umefunguka kwa furaha, furaha ya kweli, isiyo na kejeli hata chembe.

— Kumbe kuna daraja! — akasema. — Baba, Mungu awabariki. Mimi nimevukia majini jana, na sikuwa peke yangu. Lori la bluu lilibaki upande huu likitungoja, tukavuka na mizigo kichwani. Nikateleza katikati, ndiyo huu mpunga. Hatukujua. Kesho asubuhi narudi. Hebu nielekezeni, hilo daraja liko upande gani? Juu ya mto au chini?

Lori la bluu ni moja tu mjini. Yunusu alianza kukagua kamba za viatu vyake. Isdori alimtazama Suleimani; Suleimani akalitazama birika.

— Juu au chini? — Dominika akarudia kwa adabu, akidhani hawakumsikia. — Hata kama ni mbali, nitatembea.

Suleimani akainamisha birika juu ya kikombe. Likatoa tone moja, kisha machicha.

— Imekwisha, — akasema.

Zenon alibaki amesimama na karatasi yake. Aibu ilimshika, aibu ya mwalimu aliyefundisha uongo darasani akagunduliwa na mtoto anayemwamini. Miaka thelathini na moja alikuwa akiwachapa wanafunzi kwa kuandika wasichokiona. Akaketi kwenye ncha ya ubao. Akatoa kalamu mfukoni, akayakata maneno kwa mstari mmoja, mrefu, polepole, kuanzia “Leo nasimama” mpaka “kanga”.

— Hansadi, — Isdori akanong'ona, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya upinzani. — Na ukatibu je?

— Katibu anaandika. Mimi naandika.

— Mheshimiwa akikataa kusoma?

— Atakuwa amesimama mbele ya watu. Akifika hapo atasoma au ataruka, na tutamwona akiruka.

Kisha akamgeukia yule mama, ambaye alikuwa ameanza kuutandaza mpunga wake juu ya ubao, mahali pale pa katikati ambapo hakuna mwingine aliyewahi kuthubutu kukaa.

— Mama Dominika, daraja hakuna. Nisamehe. Niambie jambo moja: maji yalikufika wapi?

Dominika alimtazama kidogo. Furaha ilishuka usoni mwake, lakini hakulaumu. Akaweka kiganja kifuani, chini kidogo ya shingo.

— Hapa, baba.

Juu ya maneno aliyoyakata, Zenon akaandika kwa herufi kubwa, kama anavyoandika mtu ubaoni: “Maji kifuani.”