Pascaline Bahizire, Aliyefumba Jicho Moja

Mama Pascaline Bahizire alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alisoma kwa masista hadi darasa la tano, akaacha masomo mama yake alipougua. Alikuwa mgumu wa kuamini, na leo hatutamsingizia upole.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Audace, seremala, baada ya kumchunguza miezi minane. Katika biashara yake ya mawese pale Gatumba, ng'ambo ya mpaka, alionja kila bidoni ya mafuta kabla ya kulipa, hata ya dada yake wa damu.

Mwaka 1996 vita vilimvusha mpaka na watoto watatu, akahamia Gatumba kabisa. Njiani aliona watoto wa watu wakifundishwa uaskari, kutembea kwa amri, na amri ilipokuwa mbaya, aliyepigwa ni mtoto. Hilo halikumtoka moyoni. Mafuriko ya 2020 yakamtoa Gatumba, akahamia mtaa wa Bwiza.

Ndiyo maana, Jumamosi moja ya 2022, damu ilimchemka alipomkuta mjukuu wake Irène kwenye ua wa kanisa, kafumba macho, akitembea juu ya miraba ya chaki huku wenzake wakimsomea: hatua mbili, geuka kushoto. Mwalimu Mathilde alieleza kuwa ni mchezo wa kujifunza programu za kompyuta; mmoja anakuwa mashine, wengine wanamwandikia maagizo. Mama alimshika Irène mkono waondoke.

"Muko munafundisha batoto kutii bila kuuliza," alisema. "Mi nilishaona mwisho wake."

"Ingia basi, mama," Mathilde akamjibu. "We ndio ukuwe mashini."

Aliingia, akafumba jicho moja tu. Beseni la maji lililokuwa mbele yake aliliona, lakini alifuata maagizo kusudi apate ushahidi. Mguu ukazama. Akangoja lawama. Watoto wakakimbilia karatasi yao.

"Apana koko, si kosa yako," Irène alimwambia bibi yake. "Amri ndio iko mubaya. Tunaiandika upya."

Mama aliketi kwenye benchi akalia. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia mtu akiilaumu amri. Tangu siku hiyo akawa mashine yao kila Jumamosi, jicho moja wazi.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2025. Hospitalini kila kidonge alikiulizia kilikotoka. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na watoto wa Jumamosi walioomba kusimama mbele leo. Apumzike kwa amani, Mama yetu, na akitaka, afumbe yote mawili.