Bi Ngazi na Kengele ya Lifti

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Vuta kiti ukae. Kama kuna sufuria jikoni, punguza moto kidogo, maana leo tuna mtu wa kumkumbuka na hatutaki kumpitia juu juu.

Tunamkumbuka mwanamke aliyekuwa fundi wa lifti. Ndiyo, umesikia vizuri, fundi wa lifti. Aliifanya kazi hiyo ughaibuni kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, akarudi nyumbani na mvi zake, na wiki iliyopita tukampumzisha.

Wengi walimjua kwa jina la Bi Ngazi. Jina hilo alipewa na mumewe, na lilianza kama utani. Lifti ikiharibika, wapangaji wanapanda ngazi huku wanahema na kulaani. Lakini fundi naye atafikaje juu kwenye mitambo? Kwa ngazi hizo hizo, tena na sanduku la vyuma begani. "Nimeoa fundi wa lifti," mumewe alikuwa akiwaambia wageni, "lakini kumwona ndani ya lifti bado. Kutwa yuko kwenye ngazi." Wageni wanacheka, na Bi Ngazi mwenyewe anacheka kuliko wote.

Dada yake mkubwa, ambaye tulikaa naye juzi kwenye msiba, anasema ufundi ulianza mapema. "Akiwa mdogo alifungua pasi ya baba. Alipoifunga, skrubu mbili zilibaki nje, na pasi ikawaka vizuri kuliko mwanzo. Baba hakujua amchape au amsifu. Mwishowe akamficha bisibisi."

Bisibisi haikufichika. Msichana alisoma chuo cha ufundi, akafanya vizuri, akapata nafasi ya kuendelea nje ya nchi. Alipomaliza masomo, kampuni moja ya lifti ikamchukua. Miaka michache baadaye akaja kuolewa nyumbani, na mume akamfuata huko huko ughaibuni. Mume alikuwa fundi cherehani, na hakuona haya kusema kwamba yeye ndiye aliyemfuata mkewe. Nyumba ikawa na mafundi wawili, basi wakaitana hivyo hivyo. Yeye akimwita mumewe, "Fundi!" Mume naye akimwita mkewe, "Fundi!" Jirani yao wa upande wa pili wa ukumbi, bibi mmoja mstaafu, aliamini hilo ndilo jina la ukoo.

Waliishi ghorofa ya saba. Sebule ilikuwa ndogo, na nusu yake ilikuwa karakana ya mume: cherehani karibu na dirisha, mapazia ya watu yametundikwa mlangoni, pini kwenye zulia. Chini ya dirisha kulikuwa na kile kifaa cha kupasha joto nyumba, na juu yake soksi za Bi Ngazi zilianikwa kila siku. Alfajiri alikunywa chai akiwa amesimama. Viatu vyake vya kazi vililala nje ya mlango kwa sababu ya mafuta ya mashine. Binti yao, aliyezaliwa huko huko, alijifunza kumsoma mama yake kwa viatu hivyo. "Vikiwa vimepangwa sawa, mama alikuwa na siku nzuri," anakumbuka. "Vikiwa vimetupwa, nilikuwa naenda kwa baba kwanza."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tusikilizane hapa. Kampuni ile ilikuwa na simu ya zamu. Mtu akikwama kwenye lifti, anabonyeza kengele, kituo kinapokea, kituo kinampigia fundi wa zamu. Mafundi walipokezana simu hiyo. Lakini mmoja akiwa na harusi, Bi Ngazi anaichukua. Mwingine mgongo unamuuma, Bi Ngazi anaichukua. Ikafika mahali simu ya zamu ikawa simu yake.

Kwa nini? Alikuwa mwanamke peke yake kati ya mafundi, na alikuwa mgeni. Hakutaka awepo mtu wa kusema neno. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hii alimwambia dada yake tu. "Dada, nikifungua ule mlango, watu wananitazama kama nimewazaa." Aliipenda kazi yake. Aliipenda mno.

Nyumbani chakula kilifunikwa kwa sahani, kikapoa, kikapashwa, kikapoa tena. Mazungumzo yalikatika katikati. Hata mama yake mzazi, akimpigia kutoka nyumbani, alizoea kusema mbio mbio. Dada anaigiza: "Hatujambo, mbuzi kazaa, bati linavuja, kula vizuri, kwaheri! Yote kwa pumzi moja. Mama alikuwa anaogopa kukatwa na ile simu nyingine."

Mume alinyamaza na kushona. Alikuwa mpole, na wapole wana kawaida ya kujaza kifua mpaka kifurike. Kikafurika siku moja mchana, binti alipokuwa akicheza sebuleni. Alivaa koti la mama yake linaloburuta chini, akabeba kikapu cha vitambaa begani, akasema, "Narudi sasa hivi!" Akatoka, akafunga mlango. Baada ya muda akaingia, akavua koti, akalikunja.

Baba yake akauliza, "Mbona umeacha? Mchezo umeisha?"

"Umeisha," mtoto akasema. "Mama ameshaondoka."

Mume aliondoa mguu kwenye cherehani. Anasema alikaa pale hajui anashona nini. Wiki hiyo hiyo akampigia shemeji yake, yule dada mkubwa, akamweleza kwamba anafikiria kumchukua mtoto arudi naye nyumbani.

"Umeongea na mwenzako?" shemeji akauliza.

"Kila nikifungua mdomo, simu ya watu waliokwama inalia."

Dada ni mtu wa hasira za karibu. Akamjibu, "Basi na wewe kwama!"

Alisema kwa uchungu tu. Lakini mume akalichukua lile neno kama lilivyo.

Jumamosi asubuhi, Bi Ngazi akiwa kazini mtaa mwingine, mume alimpeleka mtoto kwa yule bibi jirani. Akachukua kigoda chake cha cherehani, chupa ya chai na vikombe viwili. Akaingia kwenye lifti ya jengo lao. Ilipokuwa katikati ya ghorofa na ghorofa, akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Kisha akabonyeza kengele.

Kituo kikapokea. "Mko wangapi humo ndani?"

"Mmoja."

"Hali yako?"

"Mbaya."

"Unapumua vizuri?"

"Kwa shida," akajibu. Mpaka leo anaapa kwamba hakudanganya.

Bi Ngazi akatajiwa anwani. Lilikuwa jengo lake mwenyewe. Aliendesha gari la kampuni mbio, akawaza ni mtoto, akawaza ni yule bibi. Akapanda ngazi zote mpaka chumba cha mitambo, akaishusha lifti taratibu kwa mkono mpaka ikawa sawa na sakafu. Akateremka, akatia ufunguo, akafungua mlango.

Mumewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, chai imeshamiminwa.

"Fundi! Umeumia?"

"Karibu ukae."

"Lifti ina nini?"

"Lifti ni nzima. Niliyekwama ni mimi."

Mkewe hakucheka hata kidogo. Alimpandishia sauti. "Una wazimu? Unajua hili ni kosa? Unajua naweza kufukuzwa?"

"Najua," mume akasema. "Nimekaa hapa nikiwaza, nimwite nani aje mbio, nikaona nikuite kama wanavyokuita wengine. Na kweli umekuja mbio."

Kisha akamweleza kuhusu koti na kikapu cha vitambaa. Akamweleza mtoto alivyosema mchezo umeisha. Akamwambia pia la safari, kwamba ameshaanza kuulizia tiketi.

Bi Ngazi aliegemea ukuta wa lifti. Na pale pale, simu ya zamu ikalia.

Aliitazama. Mume akatazama kikombe chake. "Pokea," akasema. "Mimi langu nimeshalitoa."

Akapokea. Akasikiliza. Akasema, "Bado niko na huyu mliyeniitia. Mtumeni mwingine." Kisha akaketi juu ya sanduku lake la vyuma, akashika kikombe kwa mikono miwili yenye grisi, machozi yakamtoka.

Ghorofa za juu watu walianza kupiga kelele. "Jamani, lifti vipi?"

Mume akapaza sauti, "Inatengenezwa!"

Wasikilizaji wapendwa, msidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Jumatatu Bi Ngazi alikwenda mwenyewe kwa msimamizi wake, akasema ukweli wote. Akapewa onyo kali. Akalipokea. Halafu akaomba jambo moja: kuanzia siku hiyo, ashike simu kwa zamu yake tu. Msimamizi akamwambia waziwazi kwamba alikuwa anafikiriwa kuwa mkuu wa mafundi, na mkuu wa mafundi hachagui zamu.

"Basi kwenye cheo hicho nifuteni," Bi Ngazi akasema.

Wakamfuta. Cheo kikaenda kwa kijana ambaye Bi Ngazi mwenyewe alimfundisha kushika spana. Na asitudanganye mtu kwamba hakuumia. Binti anasema, "Tukipishana na gari la mkuu wa mafundi barabarani, mama alikuwa anatazama upande mwingine mpaka lipite. Miaka, siyo miezi." Wakati mwingine alirudi nyumbani amenuna, akaosha masufuria kwa kelele, na mume akajua asiseme kitu.

Lakini alirudi, tena mapema. Alifika kukiwa bado na mwanga, viatu akaviacha nje, akamchukua binti yake wakazunguka mtaa. Walipita duka la vifaa vya bustani, uwanja wa mpira, mpaka kwenye daraja la watembea kwa miguu kuangalia treni. Jioni alikaa sakafuni kando ya cherehani, akifumua nyuzi za nguo za wateja huku wanapiga soga. Aliharibu nguo kadhaa. Mkono uliozoea vyuma haukuwa na subira na hariri.

Na Jumapili alimpigia mama yake. Mara ya kwanza, mama akasema yote kwa pumzi moja kama kawaida, kisha akangoja kukatwa. Hakukatwa.

"Endelea, mama," Bi Ngazi akasema. "Nipo."

"Niendelee na nini?" mama akauliza. Alikuwa amezoea yale machache.

Ilichukua muda. Polepole mama akajifunza kuongea tena na mwanawe. Akaanza kuhusu kuku, akaenda kwenye ua wa jirani, akafika kwenye mambo ya ujana wake ambayo hata dada mkubwa hakuwahi kuyasikia. Mama yule alipofariki, Bi Ngazi alimlilia kama mtu aliyemjua.

Binti akakua. Sasa ni daktari wa meno huko huko ughaibuni, na ana watoto wake. Wazazi walipostaafu walirudi nyumbani, wakajenga nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa. Bi Ngazi alisema amepanda vya kutosha.

Figo zilimsumbua mwaka wote uliopita. Mume alihamishia kazi yake chumbani, kando ya kitanda, kwa sababu mkewe alisema mlio wa cherehani unamletea usingizi. Siku ya mwisho ilikuwa saa za mchana. Mume alikuwa anapinda sare ya shule ya mtoto wa jirani. Bi Ngazi akamwambia, "Fundi, hapo umepinda upogo."

"Nimepinda sawa," mume akajibu.

"Upogo."

Akafumua, akaanza upya. Alipomaliza, akageuka kumwonyesha. Alikuwa ameshaondoka.

Tunatoa pole kwa mume wake, kwa binti yake na wajukuu, kwa dada yake mkubwa, na kwa ndugu wote. Mungu awape subira. Pole pia kwa mafundi aliofanya nao kazi, akiwemo yule mkuu wa mafundi, ambaye alisafiri kutoka mbali na akasimama makaburini mpaka udongo wa mwisho.

Na wewe unayetusikiliza, pengine uko ughaibuni, umetuweka masikioni huku unamalizia kazi ambayo ingesubiri kesho. Jiulize ni nani anayekungoja, na amekungoja tangu lini.

Hapa huwa tunapiga wimbo wa majonzi. Mume wa marehemu ametuomba tusipige. Amesema muda huo uliobaki muupeleke kwa watu wenu. Basi, wasikilizaji wapendwa, kila siku tunawaomba msiende mbali. Leo tunawaomba muende. Zimeni redio.