Neno Nililomsomea Ekisa

Kahawa ya Mugeni, muuza kahawa wetu, tunainywa Malaba mpakani, kwenye benchi lililo nyuma ya ofisi za clearing, za kutoa mizigo forodhani, na kelele zetu huwa kali kuliko kahawa yenyewe. Mimi wananiita Wakili kwa sababu nawasomea watu barua za Kizungu. Juzi habari ilikuwa moja tu: Ekisa, dereva wa trela na mwenzetu wa benchi, amelazwa Eldoret, ana uvimbe kwenye pafu.

Mwaka jana alianguka kutoka juu ya lori akifunga turubali. Akapigwa scan ya kifua, mbavu zikaonekana nzima, lakini karatasi ya majibu ikataja kidude kidogo kwenye pafu na kusema arudi baada ya miezi mitatu. Hakurudi.

— Hiyo mashine ndio ilimwekea hiyo kitu, alisema Brayo wa boda. Alienda na mbavu, akarudi na uvimbe.

Oundo, mbadilisha pesa tunayemwita Forex, hakukubali.

— Si ya hospitali, boss. Ni ile scanner ya malori hapa kwa border. Miaka kumi anapita hapo, miale inamchoma tu.

— Basi hata trela ingekuwa na uvimbe, Mugeni akamjibu.

Forex akaapa kwamba ndiyo maana tairi za Ekisa hupasuka ovyo. Wakacheka. Mimi sikuweza.

Karatasi ile iliandikwa "incidental". Nilimsomea Ekisa kwamba maana yake ni kitu cha accident, damu imevilia tu, itaisha yenyewe, na arudi tu kama bado anasikia uchungu. Benchi zima likaniunga mkono. Akashukuru, akapanda trela yake kwenda Kampala. Wiki iliyopita muuguzi mmoja aliyepitia kahawa ndiye aliyenieleza maana ya neno lile: ni kitu walichokikuta wakitafuta kingine. Na mimi ni mtu wa clearing! Kila siku naona lori likichunguzwa kwa ajili ya sukari ya magendo, likakutwa na vitenge. Najuta, na sijui nimwambie nani.

Kabla Forex hajamaliza na tairi zake, mama mmoja alisimama mbele yetu na mkoba begani. Alikuwa Alupo, mke wa Ekisa, ametoka Eldoret asubuhi hiyo.

— Hamjambo wazee. Wakili ni nani hapa?

Nikainua mkono. Akanipa bahasha.

— Mzee amenituma. Hii ni ya daktari, ya jana. Amesema usome wewe, juu ile ya kwanza ulimsomea vizuri, ikamtoa wasiwasi. Inasema nini?

Wenzangu wote wakainamia vikombe. Bahasha sikuifungua. Nilimwambia airudishe kwa daktari aliyeiandika, daktari mwenyewe amweleze kwa Kiswahili, kila neno. Kisha nikampisha kwenye benchi, nikamwambia kwa nini: ile ya kwanza nilimsomea Ekisa vibaya.