Mzee Efraimu Kimaro na Gari Lililonipeleka Kanisani

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuitumikia karakana yetu ya Njoro, Mzee Efraimu Kimaro, fundi mkuu wa umeme wa magari, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2023.

Alishuka kutoka Mwika akiwa kijana, enzi ambazo gari halikuwa na kompyuta yoyote. Kompyuta zilipoanza kuja, wenzake wengi walizikwepa. Yeye alijifunza, akatufundisha na sisi. Ndiye aliyeweka sheria tunayoifuata mpaka leo: hakibadilishwi kitu kabla hakijapimwa. Husema, "Kuhisi waachieni wachumba. Fundi anapima."

Mimi Violet, mtunza stoo, niliolewa mwezi wa nne na Isack wangu (jamani, Isack wangu!), na bila Mzee Efraimu sijui harusi yangu ingekuwaje.

Baba mkwe wangu, Mzee Tito, ana gari dogo jeupe la zamani. Ndilo lililompeleka marehemu mama mkwe kanisani kila Jumapili, na kabla ya kufariki aliomba mke wa Isack apelekwe kanisani kwa gari hilohilo. Sikuwahi kumwona mama yule, lakini kwa ombi hilo nilimpenda. Basi Jumatano ya wiki ya harusi gari likazima katikati ya mlima wa kuja kwetu Mwika. Fundi wa barabarani akabadilisha plagi na pampu ya mafuta. Likakataa. Likavutwa mpaka karakanani.

Mzee Efraimu akachukua mita yake, akaanza upya. Mafuta yanafika. Koili nzima. Umeme unaingia kwenye kompyuta ya injini vizuri, ila amri ya kutoa cheche haitoki. Akafunua zulia upande wa abiria, kompyuta inapokaa, akanusa, akacheka.

"Tito, meku, mzee mwenzangu, gari lako limelewa."

Mzee Tito akainamisha kichwa. Siku ya kuleta mahari kwetu, ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipinduka garini kwenye kona. Ukweni huendi na ndoo pungufu, kwa hiyo alipangusa kwa sweta, akajazia kwa jamaa njiani, akanyamaza. Tangu siku hiyo mbege ilikuwa chini ya zulia, ikila shaba ya kompyuta polepole.

"Aisee, niacheni tu," alisema. "Niliogopa tungenyimwa mke!"

Kompyuta ilikuwa imeoza, haitengenezeki. Mtaa wa Majengo ikapatikana nyingine iliyotumika, plagi zake za nyaya zikaingia bila shida, lakini namba kwenye lebo zilitofautiana mwishoni. Isack wangu alimbembeleza.

"Mzee wangu, si inaingia? Ifunge tu, Jumamosi naoa."

"Hata kiatu cha mwenzako kinaingia. Utapanda nacho mlima?"

Akairudisha. Alhamisi nzima alizunguka mji kwa pikipiki, duka hadi duka, kila alipofika anasoma lebo na kutikisa kichwa. Ijumaa asubuhi akaipata Kiboriloni, ndani ya gari bovu lililokuwa limeota majani uani kwa mwalimu mmoja. Namba zilikuwa zilezile. Alianika zulia juani, akasafisha nyaya, akachomoa betri kwanza, ndipo akafunga. Gari likawaka papo hapo. Sisi tukashangilia, yeye akakataa kunawa mikono. Lilikuwa limezima likiwa la moto, likipanda, kwa hiyo akalipandisha Mwika yeye mwenyewe kulijaribu.

Nilikuwa uani kwetu nasukwa niliposikia honi. Nililia mpaka msusi Veronika akanigombeza: "Tulia, we bibi harusi, nitakusuka upogo!"

Kesho yake nilikaa kwenye kiti cha mama mkwe, na gari halikukohoa hata mara moja.

Mzee wetu, asante kwa uvumilivu wako na kwa kutokubali kitu kinachofananafanana. Pumzika, chuma kahawa yako bila haraka, na mpende Mama Esther kama vile mlioana jana. Tunakuombea miaka mingi yenye furaha.

Ijumaa, gari hilohilo litakupeleka nyumbani Mwika, Isack akiendesha. Mbege ipo, tena nyingi, na Mzee Tito ameapa itakaa kwenye buti.