Sonara na Mkopo wa Kusamehewa

Alasiri, jua likishapita nyuma ya nyumba ndefu za Kiponda na kivuli kikatanda uchochoroni, baraza iliyo mbele ya duka la Thuwaini hujaa bila ya mtu kuitwa. Wa kwanza huwa Ubwa, na dele lake la kahawa na sahani ya kashata. Wa pili ni Hamad, muuza viatu wa Darajani, ambaye watu wamempa jina la Wakili. Sheria hajasoma hata ukurasa mmoja, lakini hajapata kushindwa kwa maneno. Kisha huja Jaku, dereva wa gari ya mizigo, anayeitwa Redio kwa sababu habari zote za Unguja humfikia yeye mwanzo, na zikitoka kwake huwa zimenenepa. Mwenye duka, sonara mtoto wa sonara, hutoka mwisho, akifuta mikono. Siku hiyo Thuwaini alitoka, akakaa, na kabla hajapewa kikombe akasema:

— Nimepata nafasi ya skuli.

— Skuli ya nani? akauliza Jaku.

— Yangu mie. Chuo cha afya. Kusomea ufundi wa meno ya bandia, miaka mitatu, kuanzia mwezi ujao.

Ubwa aliyekuwa akimimina alisita. Hamad akamtazama Thuwaini kuanzia kofia mpaka makubadhi.

— Yakhe, una miaka arubaini na tatu.

— Najua. Nnayo mwenyewe.

Alijibu kwa mzaha. Kazi ya usonara ilikuwa imemfia mkononi pole pole. Dhahabu sasa huja tayari kutoka Dubai, imeng'arishwa na kutiwa kwenye kijisanduku, na kilichobaki kwake ni kuunga mikufu iliyokatika na kutoboa masikio ya watoto. Mkewe Rasha, mwalimu wa skuli ya maandalizi, ndiye aliyesikia habari ya mpango wa mikopo kwa watu wazima wanaotaka kubadilisha kazi na kusomea fani zisizo na mafundi wa kutosha. Thuwaini alikwenda kwenye usaili ili kumridhisha mke tu, akijua atarudishwa mlangoni. Hakurudishwa. Na tangu apigiwe simu ya kukubaliwa, usingizi ulikuwa umemruka.

Jambo moja hakumwambia mtu. Alikuja barazani siku hiyo ili akatazwe. Aliwajua wenzake; hawajapata kukubaliana hata juu ya mwezi muandamo, isipokuwa kwa hili, kwamba kila jambo jipya ni mtego. Watamkataza, naye atapanda juu nyumbani amwambie Rasha, watu wazima wamenishauri, basi tena.

— Na ada anatoa nani? aliuliza Hamad.

— Kuna mkopo. Ada na posho ya kula. Ukimaliza unafanya kazi hospitali ya serikali, popote watakapokupangia. Kila mwaka unaofanya kazi, robo ya deni inafutwa. Ukitimiza minne, hudaiwi kitu.

Hamad akaweka kikombe chini.

— Rudia hapo penye kufutwa.

Thuwaini akarudia.

— Hakuna, alisema Hamad. Hakuna kitu hicho duniani. Mkopo ukisamehewa si mkopo tena, ni zawadi. Na zawadi haina sharti la miaka minne. Hapo umeolewa, bwana! Hiyo ni mahari.

— Mahari?

— Mahari kabisa! Wanakutolea, wanakuchukua, unakwenda kukaa wanapotaka wao. Ukichoka, unaambiwa rejesha mahari yangu ndiyo nikuache. Si ndivyo?

— Ukiacha katikati, unalipa deni lililobaki tu.

— Si nnakwambia? Hiyo ni khului! Mwanamke anajikomboa kwa mumewe!

Jaku alicheka mpaka kashata ikampalia. Ubwa akampiga mgongoni, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa jibu:

— Thuwaini, una riba huo?

— Hauna. Hilo nliliuliza mwanzo, hata kabla sijakaa kwenye kiti.

— Alhamdulillahi. Basi mie sina neno.

— Mie n'nalo, alisema Jaku, machozi bado yakimtoka. Hamuulizi kwa nini wamtake sonara? Kwa nini si seremala? Kwa nini si Hamad, anayekata ngozi kutwa?

— Kwa nini? Ubwa aliuliza.

Jaku akaangaza huku na huku, kana kwamba uchochoro una masikio.

— Dhahabu. Wazee wa mji huu zamani walitia meno ya dhahabu, kila mwenye nafasi alitia. Bei ya dhahabu sasa iko mbinguni. Watu wamekaa ofisini wakapiga hesabu, wakaona vinywani mwa wazee wa Unguja mna hazina kuliko benki. Sasa utaitoa vipi? Ukimpeleka polisi, mzee atafumba mdomo. Lakini mpeleke sonara aliyevaa koti jeupe! Mzee anapanua mwenyewe. Anaingia na dhahabu, anatoka na plastiki, na ahsante juu!

— Na huyo mzee anatazama tu? aliuliza Thuwaini.

— Kashachomwa sindano ya ganzi!

— Ganzi ni ya ufizi, Jaku, si ya macho. Na fundi wa meno hagusi kinywa cha mtu. Daktari ndiye anayechukua kipimo, mie nakaa chumba cha nyuma nnatengeneza.

— Ewaa! Chumba cha nyuma! Jaku akapiga paja. Umesema mwenyewe.

Hamad akamnyamazisha kwa mkono. Yeye alikuwa na hoja nzito zaidi.

— Achana na wazee. Mie nimeona kwenye simu, mashine siku hizi zinachapisha meno kama gazeti. Utasoma miaka mitatu, utoke na cheti chako, ukute mashine imekaa kwenye kiti chako inakusubiri ukaifagilie. Na deni hapo ni lako, si la mashine.

— Zipo mashine hizo, alisema Thuwaini, na zinasomeshwa hapo hapo chuoni. Lakini jino likitoka kwenye mashine halijui jirani yake. Huyu meno yake yamechakaa kwa umri, yule yana rangi ya tambuu, mwengine yamempinda kidogo upande wa kushoto tangu utotoni. Lazima akae mtu alisugue, alitie rangi, mpaka mwenyewe akicheka usijue lipi la Mungu na lipi la fundi.

— Na watakupeleka Pemba! alisema Jaku. Tena vijiji vya ndani huko, hata umeme unakuja kwa miadi.

— Pemba pana nini? Ubwa akageuka. Kwetu ni Wete, na umeme tunao. Na huko wapo watu wanatafunia ufizi kwa sababu hawana nauli ya kufuata meno mjini. Akipelekwa, atalala kwetu.

Thuwaini akajikuta amekaa ukingoni mwa baraza, mikono ikienda hewani. Kila walipomtia shaka, alikuwa na jibu, na jibu lilitoka na moto. Alishangaa moto huo ulikuwa umejificha wapi.

— Sikilizeni niwahadithie, alisema. Siku ya usaili tulikaa chumba kimoja na vijana wa umri wa mwanangu. Mie nlikuwa naona haya, nikatamani kutoka. Akaja mwalimu mmoja, Bi Ulfat, akampa kila mtu kibonge cha nta na kisu kidogo. Akasema, nichongeeni gego. Gego la mfano liko mezani, litazameni. Basi.

— Ukachonga? aliuliza Ubwa.

— Nkachonga. Tangu ujana wangu nnachonga nta za pete, lakini jino, wallahi sikuwahi kulitazama. Lina vilima, lina mabonde, lina njia ya chakula kupita. Gego hili la kutafunia muhogo! Nkasahau kama niko kwenye usaili. Nkasahau vijana. Niliponyanyua kichwa chumba kitupu, Bi Ulfat kasimama mlangoni na mkoba begani ananisubiri. Alilichukua, akaligeuza geuza, akauliza, babu, hili jino umelitoa wapi? Kwa vile nimevaa kofia, kaniona babu.

Walicheka, lakini kicheko cha safari hii kilikuwa laini. Thuwaini mwenyewe akavitazama vidole vyake. Ilikuwa zamani sana tangu mikono yake imsahaulishe saa.

Hamad akakohoa.

— Na mdhamini?

Thuwaini akaishusha mikono.

— Wanataka mmoja, alisema Thuwaini. Mtu mwenye biashara yake. Nikitoroka, anaulizwa yeye. Mwisho wa kumpeleka ni kesho.

Jaku akainama ghafla kuifunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Ubwa akapangusa kikombe kilichokwisha pangusika. Yeye biashara yake yote ilikuwa imo ndani ya dele. Hamad alitazama ukuta wa mbele. Thuwaini alikuwa na neno ulimini, akalimeza. Mtu haombwi jambo kama hilo mbele ya watu.

Hapo ndipo akatokea mwanamke mmoja, mtu mzima, mkono wake wa kushoto ameufunga kwa kanga shingoni.

— Assalaamu alaykum. Sonara yupo?

— Naam, mama. Ni mie.

— Naitwa Sichana, natoka Ng'ambo. Nimeteleza ukumbini asubuhi, mkono umevunjika hapa kwenye kifundo. Hospitali wanataka kunifunga plasta, lakini pete haitoki, na kidole ndiyo hivyo. Wamejaribu sabuni, wamejaribu mafuta. Wakanambia nitafute sonara aikate kwanza.

Kidole kilikuwa kimeumuka kama andazi, na ngozi karibu na pete imeanza kuwa buluu. Wanaume wote wakasimama kumpisha. Thuwaini akaingia ndani, akatoka na msumeno mwembamba kama uzi na kibati kidogo cha shaba. Akamkalisha penye mwanga, akamwekea mkono juu ya mto wa duka.

— Tazama kule kwa yule mzee wa kahawa, Bi Sichana. Unaijua kahawa yake?

— Siijui.

— Basi Ubwa, mueleze unavyoikaanga.

Ubwa akaanza kueleza, akichanganya tangawizi na iliki na hofu yake. Thuwaini akapenyeza kibati baina ya pete na nyama, taratibu, akapeleka msumeno mbele na nyuma bila ya kuuegemea. Jaku alifumba macho. Mara pete ikafanya *ta*, Thuwaini akaipanua kwa koleo mbili, ikatoka.

Bi Sichana akageuka na kukitazama kidole chake.

— Ishakwisha? Mbona sikuhisi?

Damu ilianza kurudi, ngozi ikabadilika rangi mbele ya macho yao. Mama akaishika pete iliyokatika kwa mkono wake mzima.

— Marehemu mume wangu ndiye aliyenivisha. Itaungika?

— Itaungika, na nitaipanua kidogo.

— Sasa niifuate lini? Wamenambia mkono ni wiki sita. Nije kwako mwezi ujao?

Lilikuwa swali dogo tu. Lakini wote walimgeukia Thuwaini, na Thuwaini akajiona yuko peke yake na swali hilo, kama alivyokuwa peke yake na ile nta.

— Mwezi ujao hutonikuta, mama, alisema. Ntakuwa skuli.

Alilisikia neno lake likitoka, likakaa barazani pamoja nao, na halikumtisha.

— Skuli? Unasomesha?

— Nnasoma. Nenda kafungwe mkono. Ukirudi leo hii utaikuta iko tayari.

— Basi Mungu akufanyie wepesi, mwanangu.

— Amin, alisema Ubwa, na Jaku naye akaitikia.

Bi Sichana alipopinda kona, Hamad akachukua kikombe chake, akakikuta kitupu, akakirudisha.

— Ofisi yao inafungua saa ngapi?

— Ofisi gani? aliuliza Thuwaini.

— Ya hao waliokuposa.

— Saa mbili asubuhi.

— Nipitie Darajani saa moja na nusu. Huo mkataba nitausoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kabla sijatia saini. Na usidhani nimekubali! Mie bado nasema ni mtego. Lakini ukiwa mtego, bora tuingie wawili, angalau mmoja wetu apige kelele.

Thuwaini alimshika Hamad bega, akaingia dukani na pete ya Bi Sichana. Alipowasha moto wa kuungia, alizisikia sauti za barazani zimeshaanza upya. Jaku alikuwa akiapa kwamba chuo hicho kina sare, na kwamba wanafunzi wa kiume wanalazimishwa kunyoa ndevu ili wasichafue nta. Hamad akisema jambo hilo ni kinyume cha katiba, na kesho ataanza nalo hilo. Ubwa alikuwa akitaka kujua kama mtu wa miaka arubaini na tatu akichelewa darasani huchapwa.

— Sonara! Jaku aliita. Mnachapwa?

— Ntawaambia nikifika!

Ubwa akalitikisa dele, likatoa mlio wa machicha matupu.

— Kahawa imekwisha, alitangaza.

Hakuna aliyenyanyuka.